Aliye safarini hahesabiwi: somo la bomba kwa wenye mashamba mpakani

Na Mwandishi Wetu, Mutukula

NILIPOSHUKA kwenye bodaboda mbele ya kituo cha pamoja cha forodha hapa Mutukula wiki mbili zilizopita, swali la kwanza nililopokewa nalo halikuhusu bei ya mahindi wala kiwango cha kubadilisha shilingi. Mpagazi mmoja anayenifahamu tangu nilipokuwa nikivusha mchele alinivuta pembeni, akashusha sauti kama mtu mwenye mzigo wa magendo, akaniuliza: "Mzee, ni kweli linakuja bomba jingine?"

Alikuwa anazungumzia bomba la gesi. Habari hizo hazikuanzia vijiweni. Novemba 2023 serikali za Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kuendeleza mpango wa kuleta gesi asilia ya Tanzania hadi Uganda kwa bomba. Tanzania ina gesi nyingi, inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57, na Uganda inaihitaji kwa ajili ya viwanda, hasa vya chuma. Kabla ya hapo, Mei 2021, Tanzania na Kenya nazo zilikubaliana kuhusu bomba la gesi la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Kwa hiyo ndugu zetu wa Horohoro na Lunga Lunga nao wana sababu ya kutega masikio.

Nilimweleza kijana yule kwamba saini ni saini tu, na kwamba kutoka kwenye makubaliano hadi kuchimbwa kwa mtaro ni safari ya miaka, tena miradi mingine hufia njiani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Lile la mafuta nalo lilianza hivyo hivyo."

Alisema kweli. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, maarufu kama EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443. Kati ya hizo, kilomita 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Linapita katika wilaya 10 za Uganda na mikoa minane ya Tanzania, na linavuka mpaka huku huku kwetu. Nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wake Mei 2017. Kuanzia 2018 wapimaji na wathamini walikuwa wameshaingia mashambani. Lakini uamuzi wa mwisho wa kuweka fedha na kujenga ulitangazwa Februari 2022.

Msomaji aitazame vizuri miaka hiyo. Mashamba mengi yalihesabiwa miaka mitatu au minne kabla wenye fedha hawajatamka rasmi kwamba watajenga. Aliyekuwa akisubiri kuona kwanza kama bomba litakuja kweli, alikuta majina yameshaandikwa. Sisi katika familia yetu tulikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisubiri.

Siku niliyokuwa Kahama

Mimi ni mtoto wa mpakani. Baba yangu aliikimbia Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin, akapokelewa upande wa pili, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Missenyi, mkoani Kagera. Mimi nilizaliwa huko. Dada yake, shangazi yangu, aliolewa huko huko na Mtanzania. Vita ya 1978 na 1979 ilipomalizika na Amin kuondolewa, baba alirudi kwenye kibanja cha babu, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kyotera. Kipande chake cha migomba kule Missenyi alimwachia shangazi kwa maneno ya mdomo tu. "Utakitunza," alimwambia. Karatasi haikuwapo.

Baba alifariki 2006. Mama alibaki kwenye kibanja na mibuni aliyoiacha baba, hadi 2014 afya ilipomsumbua akahamia Masaka kwa dada yangu. Shamba akamwachia baba mdogo alilime. Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa barabarani: mchele kutoka Kahama, maharage kutoka Karagwe, saruji kwenda na kurudi. Nilifika kibanjani sikukuu kwa sikukuu.

Siku wathamini walipofika nilikuwa Kahama nikisubiri mpunga wangu ukobolewe. Baba mdogo alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza sikupokea kwa kelele za mashine. Mara ya pili nikamwambia, "Baba mdogo, shughulikia tu, nitakuja." Nilikuja baada ya wiki tatu.

Nilikuta vigingi vimesimama katikati ya mibuni, na fomu yenye jina la baba mdogo, picha yake akiwa ameshika kibao chenye namba, na orodha ya mibuni, migomba na miti ya mivule. Jina la mama halikuwamo. La marehemu baba halikuwamo. Langu usiseme.

Nataka nimtendee haki baba mdogo. Hakuiba. Aliulizwa nani anatumia shamba hili, akajibu kweli kwamba ni yeye. Aliulizwa kama kuna karatasi yoyote, akasema hajui ilipo. Mwenyekiti wa LC1 alikuwa mgeni katika nafasi hiyo, hakumfahamu baba yangu. Majirani wazee wawili waliojua historia ya kibanja hawakuitwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wangehitajika. Waliokuja kuhesabu waliandika walichokikuta. Kosa lilikuwa letu, na sehemu kubwa ya kosa hilo ilikuwa yangu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maneno. Ukoo ulikaa mara nne. Mama alisusa kwenda kwenye misiba ya upande wa baba. Mwishowe wazee wa ukoo na mwenyekiti wa LC1 waliandika muhtasari, baba mdogo akakubali kwamba mibuni iliyopandwa na kaka yake ni ya mjane, na yeye abaki na alichokipanda mwenyewe. Fedha zilipotoka aliheshimu maandishi hayo. Lakini mama alikuwa amezeeka kwa miaka mitatu ya hasira, na baba mdogo hadi leo hanywi chai nyumbani kwetu.

Siku moja yenye uzito kuliko miaka

Katika miradi ya namna hii kuna tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali. Tarehe hiyo hutangazwa kijijini, na baada yake kinachopandwa au kujengwa ndani ya mkuza, yaani ukanda wa kupitishia bomba, hakilipwi. Kwa bomba la mafuta mkuza huo ni wa upana wa mita 30. Wanaokimbilia kupanda miche ya kahawa usiku baada ya kusikia habari za vigingi hupoteza miche yao na jasho lao.

Tarehe hiyo ina uzito mwingine ambao wengi hawauoni. Ndiyo siku ambayo mtu huandikwa kuwa mwenye shamba. Jina likishaingia kwenye fomu, kila kinachofuata hulifuata jina hilo: uthamini, akaunti ya benki, saini ya kukubali malipo. Kulibadilisha inawezekana, lakini sasa wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha, na mwenzako ndiye mwenye karatasi mkononi.

Zaidi ya watu 13,000 katika nchi zote mbili waliguswa na njia ya bomba la mafuta. Wengi walihesabiwa 2018 na 2019 na wakasubiri malipo hadi 2021, 2022 na baada ya hapo. Katika muda huo walikatazwa kupanda mazao ya kudumu kwenye eneo lililohesabiwa. Walilipwa nyongeza kwa ajili ya kuchelewa, lakini mkulima wa kahawa anajua kwamba mbuni usiopandwa leo hauna mavuno baada ya miaka mitatu, na nyongeza hairudishi misimu.

Upande wa Uganda

Katiba ya Uganda, ibara ya 26, inasema mtu hanyang'anywi mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma, tena baada ya kulipwa fidia ya haki na ya kutosha, kwa haraka na kabla mali haijachukuliwa. Maneno hayo "kabla mali haijachukuliwa" yalipiganiwa mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mwananchi aitwaye Irumba Asumani na mwenzake dhidi ya mamlaka ya barabara, iliamua kwamba kifungu cha sheria ya zamani kilichoruhusu serikali kuingia kwenye ardhi kabla ya kulipa kinapingana na katiba.

Wakati huo huo msomaji asidhani kwamba kukataa fedha kunasimamisha mradi. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Hoima iliruhusu fidia ya kaya 42 zilizohusika na mradi wa mafuta kuwekwa mahakamani, na serikali ikapata njia ya kuchukua ardhi. Fedha zako zinaweza kukungoja kwa hakimu huku tingatinga likiendelea na kazi.

Katika wilaya nyingi ambamo bomba limepita kuelekea mpakani, ardhi ni ya mailo. Hapo kuna watu wawili juu ya udongo mmoja: mwenye hati ya mailo na mwenye kibanja. Sheria inamtambua mwenye kibanja halali, naye ana haki ya kulipwa kwa sehemu yake. Nyumba na mazao ni ya aliyejenga na aliyepanda. Thamani ya ardhi yenyewe hugawanywa kati ya wawili hao, na ndipo ugomvi unapoanzia. Stakabadhi za busuulu, hata kama ni za shilingi chache, ndizo zinazokufanya ukae mezani kama mwenye haki badala ya kukaa kama mwombaji.

Mazao hulipwa kwa viwango vinavyowekwa na bodi ya ardhi ya wilaya, ambavyo hutakiwa kupitiwa kila mwaka. Mbuni mkomavu una bei yake, mche una bei yake. Uliza ni viwango vya mwaka gani vinavyotumika kwenye fomu yako. Juu ya jumla hiyo huongezwa posho ya usumbufu ya asilimia 15, au asilimia 30 kama umepewa notisi ya kuondoka isiyofika miezi sita. Tofauti ya namba hizo mbili kwa mtu mwenye nyumba na ekari mbili za kahawa si ndogo.

Upande wa Tanzania

Ukivuka kituo cha forodha, sheria inabadilika kama inavyobadilika fedha mfukoni. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachomiliki ni haki ya kuitumia. Kwa sisi wa vijijini sheria iliyo karibu zaidi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo ilianza kutumika 2001 pamoja na mwenzake, Sheria ya Ardhi.

Mwananchi asitishwe na neno "ya umma". Sheria hizo zinatambua kwamba haki yako ya kimila ina thamani, na zinataka ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa matumizi mengine hadi aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa vimekubaliwa. Kabla ya hapo kijiji kinatakiwa kupewa taarifa, na mkutano mkuu wa kijiji ndipo mahali pa kusema. Asiyehudhuria amesema kwa kunyamaza.

Fidia yenyewe ina mafungu. Kuna thamani ya ardhi, nyumba na mazao. Kuna posho ya usumbufu. Kuna usafiri wa kuhamisha mizigo. Kuna posho ya makazi kwa anayepoteza nyumba, ambayo hukokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Kuna hasara ya faida kwa mwenye duka au mgahawa, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulisahau kwa sababu hawana daftari la mauzo la kuonyesha. Uthamini huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inazaa riba, na uthamini ukipita miaka miwili umekwisha muda wake.

Shangazi yangu hajui vifungu hivi kwa namba, lakini aliviishi. Kijiji chao kilipopimwa alichukua hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, mumewe akiwa ameshafariki. Siku ya kuhesabiwa alimwita mwenyekiti wa kijiji na jirani wa kila upande. Alitembea na wathamini mgomba kwa mgomba.

"Sikuweka dole gumba mpaka niliposomewa kwa Kiswahili, mstari kwa mstari," aliniambia. "Waliruka visiki viwili vya mibuni karibu na choo. Nikawarudisha. Yule binti mwenye karatasi alicheka, akaandika."

Nakala yake ameihifadhi kwenye sanduku la nguo pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa mwisho.

Kwa wale waliorudi nyumbani

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji waliorudi kutoka Tanzania wasome polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na matumaini ambayo hayakuwa na mguu.

Nilijua kwamba sehemu ya migomba iliyolipwa kule Missenyi ilikuwa ya baba. Nikaenda Bukoba kumwona wakili mmoja, nikamweleza historia yote. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza swali moja: "Wewe ni raia wa wapi?" Nikajibu, Uganda. Akafunga daftari.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Hata ardhi ambayo mgeni aliipata kabla ya sheria hiyo, kwa hesabu za fidia huchukuliwa kuwa haina thamani yenyewe, ila maendelezo yaliyobaki juu yake, kama nyumba na mazao. Kuna jambo la pili pia. Ardhi ya kijiji inaweza kutangazwa kuwa imeachwa kama mwenyewe hakuitumia kwa miaka mitano au zaidi, au kama ni mkulima aliyeondoka nchini bila kumwachia mtu wa kuiangalia na bila kuiarifu halmashauri ya kijiji.

Baba alimwacha shangazi, ndiyo. Lakini migomba aliyoiacha 1979 ilikuwa imeshazeeka na kung'olewa. Iliyohesabiwa ni ile aliyoipanda shangazi kwa mikono yake. Nilitoka ofisini kwa wakili nikiwa nimeelewa kwamba kilichoandikwa kwa jina la shangazi kilikuwa chake kwa haki, na kwamba uchungu wangu ulikuwa wa mtoto aliyezaliwa mahali, si wa mwenye mali.

Nawaza sana juu ya maelfu waliondoka Kagera 2013, serikali ya Tanzania ilipowaondoa watu iliosema hawana vibali vya kuishi nchini. Wengi waliingia Rwanda, Burundi na huku Uganda na vifurushi kichwani, wakiacha nyumba na migomba ya miaka 20 na 30. Kama una hati ya uraia wa Tanzania au mke, mume au mtoto mwenye uraia aliyebaki kwenye shamba, suala lako ni tofauti na langu, na linahitaji kupelekwa kwa wakili au shirika la msaada wa sheria sasa, kabla kigingi hakijasimama. Kama huna, ni afadhali ujue leo kuliko kuuza ng'ombe kwa nauli ya kufuata fidia isiyokuwapo.

Na kwa upande wa Uganda sheria nayo ina saa yake. Mwenye kibanja akikiacha bila mtu wa familia wala wakala wa kukitunza kwa miaka mitatu, anaweza kuhesabiwa kuwa amekitelekeza. Mfanyabiashara anayelala Kahama na Mwanza kuliko anavyolala kwake aikumbuke miaka hiyo mitatu. Mtanzania aliyevuka kuja kununua kiwanja upande wetu naye akumbuke kwamba asiye raia hapa hupata ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Likipita jirani, si kwako

Kuna kundi ambalo halihesabiwi kabisa: wale ambao bomba linapita karibu nao bila kugusa shamba lao. Nyumba ya mama kule Kyotera ni mojawapo. Iko nje ya vigingi, na kaburi la baba liko nje pia, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kigingi cha karibu. Nilizipima mwenyewe kwa miguu.

Jirani wa bomba halipwi fidia ya ardhi, kwa kuwa ardhi yake haijachukuliwa. Lakini si mtu asiye na haki. Kwanza, mradi mkubwa wa namna hii hutakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira na jamii, na wananchi kusikilizwa. Uganda msimamizi ni NEMA, Tanzania ni NEMC. Hapo ndipo pa kuuliza kisima kitakuwa wapi, njia ya ng'ombe itavuka wapi, magari mazito yatapita barabara gani. Kwa bomba la gesi swali la umbali wa nyumba ni la usalama, na ni haki ya jirani kuuliza bomba litakuwa umbali gani kutoka kitanda chake, na nani atapigiwa simu usiku akisikia harufu au mlio asioufahamu.

Pili, kama ukuta umepasuka kwa mtikisiko wa mashine au maji ya mtaro yamefurika shambani, hiyo ni hasara ya kudaiwa. Piga picha ya nyumba yako kabla kazi haijaanza, tena mwenyekiti akiwapo. Picha ya ufa haina nguvu kama hakuna picha ya ukuta mzima.

Tatu, mwenye shamba lililokatwa katikati asikubali haraka kulipwa ukanda tu. Kama kipande kilichobaki ni chembamba kiasi cha kutolimika, omba nacho kithaminiwe. Na ajue kwamba juu ya bomba lililofukiwa kwa kawaida haruhusiwi kujenga, kuchimba kisima wala kupanda miti yenye mizizi mirefu. Mwenye kahawa na mivule hapotezi msimu mmoja hapo, anapoteza zao lenyewe.

Wafanyabiashara nao wajihadhari na kununua viwanja vya bei nafuu ghafla. Palipo na habari za mradi hapakosi walanguzi wa pande mbili: wanaonunua kwa bei ya chini kwa mjane asiyejua, na wanaouza kipande kilichokwisha hesabiwa kwa jina la mtu mwingine. Kabla ya kutoa fedha, uliza ofisi ya ardhi ya wilaya, kisha ulize kijiji.

Mahakama nayo ina saa

Wapo waliosema kwamba sisi wa nchi mbili tuna mahakama yetu ya pamoja Arusha. Ni kweli. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga bomba la mafuta. Novemba 2023 shauri hilo lilitupwa, si kwa sababu hoja zake zilisikilizwa zikashindwa, bali kwa sababu lilifunguliwa kwa kuchelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu jambo linalolalamikiwa lilipotokea au kujulikana. Ikiwa mashirika yenye mawakili yalikutwa na saa hiyo, mkulima mwenye bahasha ya karatasi azidishe mwendo.

Kwa mtu mmoja mmoja njia iko karibu zaidi. Uganda anza kwa LC1, afisa malalamiko wa mradi na ofisi ya Mthamini Mkuu wa Serikali, kisha mahakama. Tanzania anza kwa uongozi wa kijiji na usuluhishi wa kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila mahali andika, bakiza nakala, na omba mhuri wa kupokelewa. Una haki ya kupinga kiasi. Una haki ya kuleta mthamini wako aliyesajiliwa. Na una haki ya kutokuweka saini siku hiyo hiyo.

Kabla sijarudi Kampala nilimpeleka mama kibanjani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Tulikwenda na mwenyekiti wa LC1, wale majirani wazee wawili na baba mdogo, ambaye alikuja bila kuombwa mara ya pili. Tulizunguka mipaka ya kilichobaki, tukaandika majina, kila mmoja akaweka saini au dole, na nakala moja nikampa mama, moja mwenyekiti, moja baba mdogo. Barua za usimamizi wa mirathi ya baba nimeshaziombea mahakamani, kazi niliyopaswa kuifanya tangu 2006.

Bomba la gesi huenda likapita kwetu, huenda likapita kwingine, huenda lisijengwe kabisa. Tulipokuwa tunamaliza mama alisimama karibu na kaburi la baba, akamuuliza baba mdogo, "Na hili umeliandika?"

Baba mdogo akafungua karatasi, akamwonyesha mstari.